Programu ya kurembesha sura na mwili: maoni ya mpiga picha aliyeilipia na kuitumia

Mimi ni mpiga picha, na kazi yangu kubwa ni picha za watu: harusi, mahafali, familia, na zile za kifuani kwenda juu ambazo mtu huzihitaji anapoomba kazi. Zamani mteja akitaka kunieleza anavyotaka kutoka, alinionyesha picha ya mwanamitindo au mwigizaji. Siku hizi ananionyesha picha yake mwenyewe iliyokwisha kupitishwa kwenye programu ya kurembesha. "Nitoe hivi," anasema, na aliyemo kwenye simu si yule aliyesimama mbele yangu: taya limechongwa, kiuno kimeingia ndani, ngozi haina hata kinyweleo. Nikaona ni haki niijue programu yenyewe kabla ya kuisema. Nimeipakua ile inayotumiwa na wengi wa wateja wangu, nikalipia toleo kamili, nikaifanyia kazi kwenye picha zangu na za watu walioniruhusu. Jina lake silitaji. Za aina hii ziko nyingi, zinafanana hadi mpangilio wa vitufe, na nitakayoyasema yanazihusu karibu zote.

Nianze kwa kuipa sifa inayostahili. Kwa ufundi mtupu, ni programu nzuri sana. Kusafisha ngozi kitaalamu kwenye kompyuta kunataka utenganishe picha katika tabaka mbili, moja ya rangi na nyingine ya umbile la ngozi, halafu uguse kila tabaka peke yake ili uso usigeuke plastiki. Ni kazi ya dakika nyingi kwa uso mmoja. Simu inaifanya kwa sekunde chache, na ukiiweka kwenye kiwango cha chini vinyweleo vinabaki. Picha ikiwa na watu wengi, inatambua kila uso peke yake. Nywele za pembeni haizili kama programu za zamani zilivyokuwa zikizila. Mwanga uliomwangukia mtu upande mmoja inausawazisha vizuri, na kwa picha ya haraka ya kuwatumia ndugu inatosha kabisa.

Wala sina ugomvi na kusafisha picha. Kanuni yangu ni kwamba kitakachokuwa kimeondoka baada ya wiki mbili nakiondoa bila kuulizwa: chunusi, mdomo uliopasuka, wekundu wa macho ya mtu ambaye hakulala. Kilicho chake, yaani kovu, baka la kuzaliwa, mwanya, michirizi ya uzazi, sikigusi mpaka aniombe mwenyewe. Programu haina mpaka huo. Kwake chunusi ya jana na pua uliyozaliwa nayo ni kasoro za daraja moja, ziko kwenye safu moja ya vitufe, zinafutwa kwa kidole kilekile.

Kinachonikera zaidi ni jinsi kamera yake inavyofunguka. Inafunguka urembeshaji ukiwa umeshawashwa. Hujagusa kitu, hujachagua chochote, na tayari macho yamepanuliwa kidogo, taya limepunguzwa, ngozi imelainishwa na rangi yake imesogezwa kwenye weupe. Niliziweka simu mbili kwenye stendi, moja ikiwa na kamera ya kawaida na nyingine na programu hii, nikaipiga sura yangu kwa wakati mmoja. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukiiona picha moja peke yake huwezi kujua, na nguvu yake iko hapo hapo. Kuzima inawezekana, lakini kitufe kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na baada ya sasisho nilikikuta kimejiwasha tena. Fikiria mtoto wa miaka 13 ambaye kamera yake ya kwanza ni hii. Sura anayoizoea kuwa yake haipo popote duniani. Siku akipigwa na kamera ya kawaida atadhani kamera ni mbovu, au mbovu ni yeye. Nimeshaambiwa na zaidi ya mteja mmoja, "Kaka, kamera yako inanionea."

Ukiingia sehemu ya mwili, programu inakuuliza kwanza: mwanamke au mwanamume? Jibu lako linabadilisha vitufe vyote, na ningependa kila mtu avisome vitufe hivyo taratibu, kwa sababu vimeandika kwa uwazi kile ambacho matangazo, majarida na filamu vimekuwa vikitunong'oneza kwa miaka mingi. Upande wa wanawake: punguza kiuno, punguza mikono, punguza mapaja, punguza mashavu, ongeza nyonga, ongeza kifua, refusha miguu. Upande wa wanaume: panua mabega, jaza kifua, jaza mikono, weka siksipaki, chonga taya, refusha. Tumbo tu ndilo linalopunguzwa pande zote mbili. Mwanamke anaelekezwa achukue nafasi ndogo, isipokuwa pale ambapo wengine wanapenda kupatazama. Mwanamume anaelekezwa achukue nafasi kubwa. Sikuona kitufe cha kumwachia mwanamke mabega mapana aliyoyapata kwa kuogelea, wala cha kumwachia mwanamume wembamba wake.

Siksipaki zenyewe zipo za kuchagua. Unaibandika uipendayo juu ya tumbo na kuivuta ikae. Kwa jicho la kazi, zinajichongea: mtu amepigwa jua likiwa kushoto kwake, lakini vivuli vya misuli vinasema jua liko juu ya kichwa. Kiuno nacho, ukikibana karibu na fremu ya mlango, fremu inapinda. Kwenye ukuta wa vigae mistari inaingia ndani pamoja na mwili. Kuna kufuli ya kulinda mandhari isipinde, nayo iko kwenye toleo la kulipia. Yaani unachotozwa fedha ni kufutiwa ushahidi.

Sasa pua. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni jambo la fani yangu na linawaumiza watu bure. Kitufe cha kupunguza pua ndicho ambacho wateja wangu wanakitumia kuliko vingine, wake kwa waume. Lakini pua kubwa ya kwenye selfi mara nyingi imetengenezwa na umbali. Simu iliyoshikwa mkononi iko karibu mno na uso. Ncha ya pua iko karibu na lensi kuliko masikio, kwa hiyo pua inakuzwa na masikio yanasinyaa. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani walilipigia hesabu jambo hili. Selfi ya umbali wa sentimita 30 inaifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kwa mwanamume na 29 kwa mwanamke, ikilinganishwa na picha iliyopigwa kutoka mita 1.5. Hospitalini kwao watu walikuwa wanakuja na selfi kama kielelezo cha pua inayohitaji kisu. Sisi wapiga picha dawa yake tunaijua siku zote: rudi nyuma, tumia lensi ndefu, ya milimita 85 kwa mfano, na pua inarudi mahali pake. Programu ingeweza kuandika maneno matatu kwenye kioo cha simu, "sogeza simu mbali", na watu wengi wangepumua. Imeamua kukupa kitufe cha pua.

Jambo hilo la umbali nililitumia kukipima kipengele cha "kuchanganua sura", kile kinachokupa alama chini ya mia na kukuorodheshea mapungufu yako. Nilimpiga picha msaidizi wangu wa studio, kiti kilekile na mwanga uleule, kwanza kwa karibu kama selfi, kisha kutoka mbali kwa lensi ndefu. Alama zikapanda, na yale "mapungufu" ya pua na paji la uso yakatoweka kwenye orodha. Uso wake haukubadilika hata chembe. Nilichohamisha ni kamera. Chini ya alama hizo kuna kitufe cha kukupeleka moja kwa moja kwenye vifaa vya kurekebisha, vingine vya kulipia. Nimekitafakari sana kipengele hiki na sioni utetezi wake. Mtu mzima aliyejiamini atakitazama na kupita. Binti au kijana anayetafuta jibu la "hivi mimi nikoje?" atazipokea alama hizo kama matokeo ya mtihani, na aliyesahihisha ni mashine inayobabaishwa na urefu wa mkono wake.

Wengi wakisikia habari hizi wanadhani zinahusu wanawake peke yao. Studio inanionyesha vingine. Mteja wa kike angalau anasema. Atakaa kwenye kiti na kuniambia waziwazi mikono isionekane, au apigwe upande wa kulia tu. Mwanamume hasemi. Anang'ang'ania koti hata kukiwa na joto, anavuta pumzi na kuishikilia kifuani hadi uso unamwiva, nikimwonyesha picha anajibu "safi", halafu usiku ananitumia ileile akiwa ameipanua mabega mwenyewe na kuniomba niichape hiyo. Kijana mmoja wa chuo alikataa katakata kupigwa kwa ubavu kwa sababu, kwa kauli yake, anaonekana karatasi. Mikono yake ilikuwa imejaza shati.

Kijana huyo hakuyaokota mawazo hayo kwenye simu pekee. Mwaka 1999 daktari wa magonjwa ya akili Harrison Pope na wenzake nchini Marekani walipima wanasesere wa kiume wa kivita, G.I. Joe, kwa kukokotoa wangekuwaje kama wangekuwa na urefu wa mtu wa sentimita 178. Wa mwaka 1964 mzingo wa mkono wake wa juu ungekuwa kama sentimita 31, mkono wa mtu wa kawaida. Mmoja wa miaka ya 1990 ungefika sentimita 68, kuliko mnyanyua vyuma yeyote. Barbie, mwanasesere wa kike aliyeanza kuuzwa mwaka 1959, amelaumiwa sana, na kwa haki: mwaka 2006 watafiti nchini Uingereza walikuta kwamba wasichana wadogo waliotazama picha zake waliridhika na miili yao kidogo kuliko wenzao, na mwaka 2016 watengenezaji wake wakatoa wa maumbo mengine. Kelele kuhusu yule wa kiume haikuwahi kuwa kubwa hivyo. Kisha njoo kwenye filamu. Mwigizaji Zac Efron ameeleza hadharani kwamba mwili aliouonyesha kwenye filamu ya mwaka 2017 aliupata kwa kutumia dawa kali za kukausha maji mwilini, kwa kufanya mazoezi kupita kiasi na kukosa usingizi, na kwamba baadaye alianguka kwenye sonona. Mwili huo, ambao mwenye nao hakuweza kudumu nao, ndio uliochongwa kwenye kitufe cha siksipaki na kuwekwa mkononi mwa kijana anayeenda shule asubuhi.

Niseme pia kwamba upo ugonjwa, na madaktari wanautambua, ambao humfanya mtu aione sehemu ya mwili wake kuwa na ubaya ambao wengine hawauoni, akakesha nao kwenye kioo saa nzima. Unawapata kama watu 2 kati ya 100, na wanaume hawapishani sana na wanawake. Anayejitambua katika maelezo hayo aende kwa daktari au mshauri nasaha. Hakuna kichujio kitakachomtosheleza.

Lakini wengi wetu hatuumwi, na programu hii haituumizi kwa kipimo kimoja. Nimewahi kuwapiga picha ndugu wawili, mtu na dada yake mdogo, wote wanaitumia. Mkubwa anaichezea: anajitia macho ya katuni, anacheka, anafuta. Mdogo hawezi kutuma picha ya familia mpaka aipitishe kwanza sura yake, ya kwake tu, kiasi kwamba kwenye picha ya pamoja anaonekana kama ametoka familia nyingine. Simu ileile, vitufe vilevile. Kinachotofautiana ni walichokuja nacho moyoni. Nyaraka za ndani za Facebook, kampuni inayomiliki Instagram, alizozitoa mfanyakazi wake wa zamani Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha jambo hilo hilo: asilimia 32 ya wasichana walisema kwamba wanapokuwa tayari wanaichukia miili yao, Instagram inawaongezea. Neno zito hapo kwangu ni "tayari".

Wanasaikolojia wana kipimo cha kujithamini kilichotungwa na Morris Rosenberg mwaka 1965, chenye sentensi 10, na kinatumika hadi leo. Nilizisoma zote nikiwa na programu hii mkononi. Zinauliza kama unajiona mtu mwenye thamani sawa na wengine, kama una sifa njema, kama unaweza kufanya mambo kama wengine wanavyoyafanya, kama unajiona umeshindwa. Hakuna hata moja inayotaja uso, kiuno wala misuli. Mtu aliyejibu vizuri zile 10 anaweza kupewa alama za chini na simu na akaendelea na shughuli zake. Aliyezijibu vibaya anakuja kwenye programu akitafuta huko kitu ambacho kimepungua mahali pengine.

Kujilinganisha ni tabia ya binadamu. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba tunapokosa kipimo kingine tunajipima kwa watu. Na vyombo vya habari vilikuwa na nguvu hiyo kabla ya simu kuwa na kamera. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga huko Fiji mwaka 1995, mahali ambapo mwili uliojaa ulikuwa ndio uzuri. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule mwaka huo, kisha tena mwaka 1998. Waliokuwa na dalili za hatari katika ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Wale walikuwa wakiwatazama waigizaji wa mbali. Kwa mtu maarufu bado una pa kujitetea: ana mpishi wake, ana mwalimu wa mazoezi, ana mtu wa taa kama mimi. Picha yako mwenyewe iliyonyooshwa inakunyang'anya utetezi huo. Ni wewe, kwa nguo zako, chumbani kwako, ila "bora". Ukiiweka simu chini na kujitazama kwenye kioo, unajihisi umepungukiwa na kitu ambacho dakika moja iliyopita ulikuwa nacho.

Serikali kadhaa zimejaribu kutaka picha zilizohaririwa ziwekewe alama. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha ya biashara ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa iandikwe kwamba imehaririwa. Norwei inafanya hivyo tangu Julai 2022, hata kwa watu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza. Naziunga mkono sheria hizo kwa sababu zinasema ukweli kwa mnunuzi. Hata hivyo tafiti nyingi zimeona kwamba anayesoma alama hiyo bado anatoka akijisikia vibaya kama asiyeisoma, jicho limeshaona. Na programu hii haiweki alama yoyote kwenye picha inayotoka.

Kilichoonekana kusaidia ni kupunguza dozi. Nchini Kanada vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni, waligawanywa. Kundi moja likawekewa kikomo cha saa moja ya mitandao ya kijamii kwa siku kwa wiki tatu. Jinsi walivyouona mwonekano na uzito wao ikaboreka, wa kike kwa wa kiume. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2023. Kikomo cha namna hiyo tayari kipo kwenye mipangilio ya simu nyingi, na hakidai malipo.

Kwa hiyo, nyota 2 kati ya 5. Mbili ni za ufundi, na ni halali yake. Tatu nimezizuia kwa sababu ya kamera inayofunguka ikiwa imewashwa, kwa sababu ya alama za sura, na kwa vitufe vya mwili kupewa watoto bila hata kuwauliza umri. Watengenezaji wakifanya urembeshaji uanze kwenye sifuri na wakakiondoa kile kipengele cha alama, nitarudi kuongeza nyota bila kinyongo. Mzazi anayesoma hapa: fungua mipangilio, tafuta "kamera", zima "urembeshaji wa moja kwa moja", na uangalie tena kila baada ya sasisho. Mtu mzima unayejua kwamba siku zako mbaya huanzia kwenye kioo, usiipakue.

Mimi malipo nimeyakatisha. Nimebaki na toleo la bure kwa ajili ya chunusi na kusawazisha mwanga, na mteja akija na picha iliyonyooshwa namweka mita mbili kutoka kwenye lensi, nampiga, namwonyesha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta kabla sijagusa chochote. Baadhi bado wanachagua ile ya simu. Wengi wanauliza kama hiyo ni picha yao kweli, na kwa nini hawajawahi kujiona hivyo.